Funzo la Geita

Wako watu wanaodhani kwamba wananchi wakiisha kuinuka na kumshinda mtawala, kazi yao imekwisha. Sisi hatukubaliani nao, na ushahidi wetu hatuutafuti mbali. Uko Geita.

Mwaka 1958 Serikali ya Kiingereza iliwaletea watu wa Geita baraza la wilaya la Waafrika, Wazungu na Wahindi, katika nchi ambayo karibu watu wake wote walikuwa wakulima na wafugaji wa Kiafrika. Wenyewe hawakuulizwa. TANU, ambayo ingaliweza kuwasemea, ilikuwa imepigwa marufuku Usukumani tangu mwaka 1954. Tena walikwisha kuchoshwa na amri zisizo na idadi juu ya mashamba na mifugo yao. Basi wakaondoka makwao, wakaja Mwanza kwa umati kumweleza mkuu wa Jimbo kilio chao. Jibu walilopata ni polisi na moshi wa kutoa machozi.

Hata hivyo hawakushindwa. Baraza lile likaachwa, TANU ikaruhusiwa tena, na tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikawa huru. Machifu wakaondolewa madaraka yao, na halmashauri za wilaya zikashika mahali pao.

Hapo ndipo wengi hukomea wanapoisimulia habari hii. Lakini haikuishia hapo. Mwaka 1972 halmashauri hizo za wilaya zilivunjwa, na kazi zake wakapewa maofisa wa Serikali mikoani. Mwaka 1976 vikavunjwa vyama vikuu vya ushirika, na pamoja navyo ushirika wa pamba ambao wakulima wa kando ya ziwa waliujenga kwa jasho lao tangu mwaka 1955. Mara hii mkoloni hakuwapo wa kulaumiwa. Mwalimu Nyerere, kwa uungwana wake, alikiri mwaka 1984 kwamba mambo hayo mawili yalikuwa makosa. Sheria za mwaka 1982 zilikwisha kuvirudisha vyote viwili, lakini miaka iliyopotea hairudishwi na sheria.

Wala msiba huu si wetu peke yetu. Maji ya ziwa letu hutoka kwa mto Nile, yakaenda mpaka Cairo. Huko, mwaka 2011, wananchi wa Misri walijaa uwanja wa Tahrir, na kwa siku 18 tu wakamwondoa Rais Hosni Mubarak aliyetawala miaka 30 hivi. Mwaka 2012 wakamchagua Mohamed Morsi kwa kura. Mwaka 2013 jeshi likamwondoa, na damu nyingi ikamwagika. Waliojaza uwanja waliweza kumtoa mtawala. Hawakuwa na chombo chao wenyewe chenye nguvu ya kulinda walichokipata.

Chombo hicho sisi tunacho. Kipo kijijini, katika mkutano mkuu unaopasa kuitishwa kila miezi mitatu. Kipo katika halmashauri, na katika chama cha msingi cha ushirika panapopimwa pamba. Lakini chombo kisichotumiwa huota kutu. Mkutano usipoitishwa, mwananchi na aulize kwa nini. Mapato na matumizi yasiposomwa, na aombe yasomwe. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Na kwa viongozi twasema hivi: Mkoloni alimwita mchochezi kila aliyeuliza. Haifai sisi tulirithi neno hilo. Mkulima anayetaka kujua hesabu ya pamba yake si adui wa nchi wala wa chama. Ndiye mrithi halali wa wale waliokuja Mwanza mwaka 1958, nao walidai jambo moja: waulizwe kabla ya kuamuliwa.