Tuzo kwa mabinti: Tusimsahau anayegugumia

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu Mtukufu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, mwisho wa mwaka ndio msimu wa vikundi vya mabinti wa madrasa kuandaa hafla za kutoa zawadi. Ni jambo jema. Wanawake walipomwomba Mtume (s.a.w.) awatengee siku ya kuwafundisha, aliwakubalia. Nako Dubai, mwaka 2016, yalianzishwa mashindano ya kimataifa ya Qur'ani ya wanawake. Kumtukuza binti msomi si uzushi.

Linalotutia wasiwasi ni jinsi tunavyoigawa heshima hiyo. Mara nyingi huitwa mabinti watatu, wakapigiwa takbira, na wenzao wote wakarejea nyumbani mikono mitupu. Ni nani hao? Katika kata kama Songambele, wilayani Kyerwa, yumo aliyepanda kilima na ndoo ya maji, akambeba mdogo wake, akashinda akichuma kahawa, kisha akaja darasani kusoma kwa kugugumia. Bibi Aisha (r.a.) amepokea kwa Mtume (s.a.w.) kwamba msomaji mahiri yu pamoja na Malaika watukufu, na anayeisoma Qur'ani kwa taabu ana ujira mara mbili. Iweje aliyeahidiwa ujira mara mbili, sisi tusimwone hata mara moja?

Hatusemi wote wawe washindi. Mahiri ana haki yake. Tunasema mizani iwe pana. Ndugu zetu wa Kagera wanajua kwamba kahawa ikifikishwa chama cha msingi, hupimwa ya mwenye gunia moja kama ya mwenye magunia hamsini, na kila mmoja huandikiwa yake.

Basi kamati zizingatie haya. Kwanza, vigezo vitangazwe mapema: hifdhi, na kando yake mahudhurio, tabia njema na maendeleo ya aliyeingia hajui alifu na sasa amemaliza Juzuu Amma. Daftari la mwalimu ndilo liamue, si ukoo wala mchango wa baba. Mtume (s.a.w.) alikataa kushuhudia zawadi aliyopewa Nu'man bin Bashir bila ya ndugu zake.

Pili, bajeti ianze na zawadi, ndipo yafuate turubai, vipaza sauti na pilau. Ada za shule za serikali hadi kidato cha nne zilifutwa mwaka 2016, lakini sare na madaftari bado ni mzigo wa mzazi, na Januari haiko mbali.

Tatu, wakati. Novemba kuna mtihani wa kidato cha nne, na mvua za vuli hufanya njia za vilimani ziteleze. Hafla ianze asubuhi, ifungwe kwa swala ya Adhuhuri, ili mabinti wafike makwao mchana.

Wazazi wenzetu, binti aliyepuuzwa huacha madrasa kimya kimya, wala haji kutueleza sababu. Naye ndiye kesho atakayemfundisha mtoto wake Suratul Fatiha.

Mwenyezi Mungu atujaalie uadilifu katika majumba yetu na madrasa zetu. Amin.