MKONO ULIOPOOZA WATAKA SIKU, SI MASHINE TU



Siku hizi twasikia habari za mashine za roboti zinazofundisha mkono uliopoozeshwa na kiharusi. Wengine kati yetu wafurahi na kusema, "Dawa imepatikana, tungoje zifike hospitali zetu." Sisi twasema: zikija na zije, lakini tusikae tukizingoja. Mgonjwa ana haja ya kitu kingine kwanza, nacho ni siku za kujifunza upya.

Kiharusi huja mshipa wa damu katika ubongo ukiziba au ukipasuka. Sehemu ya ubongo hufa, na mkono wa upande wa pili hulegea. Mkono wenyewe haukuharibika. Ni kama ishara ya reli iliyokatika waya: mlingoti ni mzima, lakini mtu wa kibandani akivuta, ishara haiendi. Kurudia tendo lile lile mara nyingi husaidia ubongo kupata njia nyingine ya kufikisha amri.

Wataalamu wa chuo cha MIT huko Marekani walianza kutengeneza mashine ya kazi hii mwaka 1989, wakaiita MIT-Manus. Mgonjwa huketi mezani, mkono hufungwa kwenye kishikio, na mbele yake pana kioo chenye alama za kufuata. Akiweza kusukuma, mashine humwacha, akishindwa, humwongoza. Haichoki wala haikasiriki. Hiyo ni sifa yake ya kweli.

Je, yashinda mikono ya watu? Mwaka 2010 yalitolewa Marekani matokeo ya askari wa zamani 127. Waliofundishwa na mashine mara 36 katika majuma 12 hawakuwapita waliofundishwa na watu kwa bidii ile ile. Uingereza nayo ikajaribu wagonjwa 770, matokeo yakatolewa mwaka 2019. Kundi moja lilifundishwa na mashine, la pili na watu, kila mara dakika 45, mara 3 kwa juma, kwa majuma 12. La tatu lilipata matibabu ya kawaida. Baada ya miezi 3, waliofikia shabaha ni 44 katika kila 100 kwa mashine, 50 kwa watu, na 42 kwa matibabu ya kawaida. Wapimaji wakasema tofauti hizo hazithibitishi kwamba mashine ni bora. Tena tukumbuke kwamba hata wale wa kundi la tatu walikuwa wakiangaliwa na hospitali, hawakuachwa nyumbani chini ya mwembe.

Sasa tufanye hesabu yetu. Mara 3 kwa juma kwa majuma 12 ni mara 36. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 30, yampa aliyetimiza miezi 2 kazini siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara, katika miezi 12. Jumla ni siku 14. Siku hizo zaweza kwisha mgonjwa angali kitandani! Lakini hicho ni kima cha chini tu. Chama chaweza kupatana na mwajiri kupita hapo.

Kwa hiyo katika mapatano yajayo twataka mambo matatu. Kwanza, mgonjwa wa kiharusi apewe ruhusa yenye mshahara kwenda kwa mtaalamu wa tiba ya viungo, mbali na siku zake za ugonjwa. Pili, akirudi apewe kazi nyepesi, asifukuzwe kwa sababu ya mkono mmoja. Tatu, presha ya damu ipimwe kazini, kwa maana ndiyo chanzo kikubwa cha kiharusi, na mara nyingi haina dalili.

Mwajiri atasema ni hasara. Na tumwulize: injini ikivunjika si huingizwa karakana mpaka itengenezwe? Nani huihesabia siku 14? Mtu aliyeiendesha miaka 20 hawezi kuwa duni kuliko chuma.

Makatibu wa matawi waandike jambo hili katika madai yao kabla mkutano wa mapatano haujaitwa. Umoja ni nguvu.