Unaitwa Marekani kucheza voliboli? Uliza haya kabla mathe auze ng'ombe

Kama wewe ni manzi unapiga spaiki kama Mercy Moim, siku moja kocha wa komyuniti koleji Marekani anaweza kukutext. Usianze kupanga begi. Cheki rada kwanza.

Hizi ni koleji za miaka miwili. Nyingi ziko chini ya NJCAA, yenye madaraja matatu. Daraja la kwanza, timu inaweza kukulipia karo, vitabu, chumba na chakula. La pili, kulala na kula ni juu yako. La tatu halitoi skolashipu ya michezo hata senti. California wana chama chao, na huko pia hakuna.

Kwa hivyo kocha anaweza kukutaka kabisa na bado asikuwe na doh ya kukupea. Sifa hazilipi rent, na kama mwanafunzi wa kigeni, mwaka wa kwanza huruhusiwi kufanya kazi nje ya koleji.

Halafu uliza kuhusu benchi la ufundi. Wasaidizi wengi ni wa muda, wana kazi zingine. Nani atafuatilia masomo yako? Nani atatuma video zako kwa vyuo vikuu? Ju baada ya miaka miwili lazima uhame ndio umalize digrii. Kocha mzuri atakuambia mamanzi wake wa mwaka jana walienda wapi, bila kujikuna kichwa.

Mwisho, itisha barua yenye saini na kiasi kamili. Kama hakuna, ng'ombe abaki zizini.