NA NJIA, ILIKUWA NA TAA?



Kila inapotokea ajali ya usiku katika njia zetu za shamba, jawabu la wakubwa ni moja: "Hakuwa na taa." Juzi tumelisikia tena, alipoangushwa na gari mzee mmoja aliyetoka dukani kwangu kwa baiskeli, na kilo tano za mchele nyuma. Mguu ulivunjika, mchele ukamwagika, na hukumu ikapitishwa kabla ya damu kukauka.

Hatukatai kwamba hakuwa na taa. Tunauliza: na njia, ilikuwa nayo?

Gari iendayo kilomita 60 kwa saa hukata karibu mita 17 kwa kila sekunde. Mpaka dereva atambue alichokiona na mguu ufike kwenye breki, sekunde hiyo imekwisha, na gari bado haijaanza kupunguza mwendo. Mwenye nguo nyeusi huonekana pale ambapo breki haifai tena.

Giza si geni kwa wakubwa. Mwaka 2008 Unguja nzima ilikosa umeme karibu mwezi mmoja, na tena tangu Desemba 2009 hata Machi 2010. Watu wa mjini wakaionja adha tunayoila sisi kila usiku. Umeme uliporudi, mjini kukang'aa; njia ya kwetu ikaachiwa mbalamwezi.

Walakini tusiwape hoja. Aendaye kwa miguu ashike kulia, ayakabili magari, kwani kwetu magari hushika kushoto. Na avae nguo nyeupe. Mpanda baiskeli ashike kushoto, awe na taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Kile kioo chekundu cha nyuma hakiwaki chenyewe, hurudisha mwanga wa gari. Basi kifutwe vumbi. Nami nimeanza kwangu: atokaye dukani baada ya Isha bila ya taa, humwazima tochi hata asubuhi.

Tulifundishwa chuoni, tungali watoto, kwamba kuondoa udhia njiani ni katika imani. Giza ni udhia. Sisi tutawasha taa zetu. Wakubwa nao wawashe zao, wafyeke majani yaliyofunika kando za njia, waweke matuta penye vijiji. Wasipofanya hayo, siku ya msiba wasije kumwuliza maiti taa yake iko wapi.

Mwenye Duka