Daktari mkuu naye ahitaji wa kumwongoza

Msomaji, mama yako anapolazwa Wote, Mwingi au Kitui mjini nawe uko Nairobi, jambo la kwanza unalouliza kwa simu ni hili: "Daktari amemwona?" Ni swali zuri. Lakini liko jingine usilouliza, nalo aghalabu ndilo huamua iwapo atapata damu usiku ule. Je, hospitali hiyo inaongozwa na nani, na ni nani aliyemfundisha kuongoza?

Nikiwa na umri wa miaka 29 nilikabidhiwa funguo za ofisi na kuambiwa kwamba tangu siku hiyo mimi ndimi msimamizi mkuu wa hospitali moja ya wilaya huko Ukambani, ambayo sitaitaja. Nilijua kumpasua mama na kumtoa mtoto salama. Kusoma daftari la hesabu sikujua. Wiki ya tatu niliwekewa karatasi mezani nikatia sahihi, kumbe nimeidhinisha fedha za glavu zikalipe deni la kuni za jikoni! Kwa siku nne kina mama waliokuja kujifungua walitumwa dukani kununua glavu, wengine usiku, wakiwa na uchungu. Muuguzi mkuu, mama mwenye subira nyingi, alifunga mlango akaniambia, "Daktari, usitie sahihi kitu ambacho hujakiuliza." Dakika tano hizo zilinifaa kuliko warsha zote nilizohudhuria baadaye katika hoteli za Mombasa.

Ni kweli kwamba sisi madaktari hatukosi masomo. Baraza letu hutaka kila mwaka tuonyeshe kuwa tumeendelea kujifunza kabla ya kutupa leseni upya. Mimi mwenyewe nimekusanya alama zangu kwa mihadhara ya kisukari na shinikizo la damu, chai na mandazi juu yake. Chuo cha Serikali pale Kabete nacho kina kozi za uongozi kwa maafisa wakuu. Shida ni kwamba kozi huisha, cheti kikatundikwa ukutani, na Jumatatu daktari yuko peke yake tena mbele ya mhasibu na karatasi zake.

Utasema mtu aliyefika cheo hicho hahitaji mwalimu. La hasha. Eliud Kipchoge alipokimbia chini ya saa mbili kule Vienna mwaka 2019 alikuwa tayari bingwa wa Olimpiki, na bado alikuwa na kocha wake, Patrick Sang.

Mzigo nao umeongezeka. Tangu 2013 hospitali hizi ziko chini ya kaunti. Mwaka 2016 Makueni ilianzisha mpango wa familia kulipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti. Ada ikipungua, foleni hurefuka, na foleni haipunguzwi kwa kipimo cha shinikizo la damu. Kisha ikaja sheria ya 2023 inayoziruhusu hospitali za umma kubaki na fedha zinazokusanya. Sahihi ya msimamizi leo ina uzito kuliko ile yangu ya wakati ule.

Pendekezo langu halihitaji jengo. Kila msimamizi mpya apewe mkongwe wa kumlea kazini, na mkongwe huyo atoke kaunti jirani: wa Kitui alelewe na wa Makueni, wa Makueni na wa Kitui. Kwa nini jirani? Kwa sababu hakuna anayekiri kosa mbele ya bosi anayeweza kumhamisha kesho. Kitui ina takriban kilomita mraba 30,000, hivyo sisemi wasafiri kila wiki. Saa moja ya simu kwa mwezi, yasemwayo yakibaki baina yao, yatosha kuanzia.

Sidanganyi kwamba hili litaleta dawa fedha zinapochelewa kutoka Nairobi. Halitaleta. Litakalosaidia ni msimamizi ajue mapema kwamba ghala linakauka, na awe na mtu wa kumuuliza afanyeje kabla glavu hazijaisha. Kizuizi kikubwa ni kiburi chetu, na hapo najihesabu mimi pia.

Bodi za hospitali hizi huwa na wawakilishi wa wananchi. Ukienda nyumbani Desemba, mtafute mmoja wao umuulize: msimamizi wetu akikwama, humpigia nani simu?