Taa Haina Kosa

Kuna huduma moja ambayo hakuna gereji huichora kwenye kibao chake, lakini ukiulizia utaipata, kuanzia Grogan hadi kwa yule fundi wa chini ya mti mtaani kwenu. Ni kuua taa ya ABS. Unafika unasema, "Fundi, hii taa inanisumbua." Naye, kabla hata hajashika jeki, anauliza, "Mkubwa, nirekebishe ama niizime tu?"

Wengi husema izimwe. Dashibodi inarudi safi kama siku gari liliposhuka melini Mombasa, na jamaa anaenda zake akipiga mluzi. Huo ni uongo anaoulipia kwa pesa yake mwenyewe. Na kabla hujamwita fundi tapeli, jiulize nani aliyemtuma.

Usiniambie ABS ni mambo ya matajiri. Ilikuwa hivyo mwaka wa 1978, Bosch walipoitoa kwenye Mercedes-Benz S-Class. Leo imo ndani ya Vitz ya dada yako. Kwenye tairi kuna sensa (hii haihesabu watu, inahesabu mzunguko). Ukikanyaga breki kwa hofu na tairi moja likaganda huku mengine yanazunguka, kompyuta inalilegeza, inalibana, inalilegeza tena, mara kadhaa kwa sekunde moja. Ule mtetemo unaousikia kwenye kanyagio ndio huo.

Watu wengi hudhani kazi yake ni kusimamisha gari haraka. Si lazima. Kwenye changarawe inaweza hata kukupeleka mbele zaidi. Kazi yake kubwa ni kukuachia usukani, kwa sababu tairi lililoganda halipindi. Mvua ya kwanza imenyesha Mombasa Road, lami inateleza kama sabuni, boda imekatiza mbele yako. Unazungusha usukani kulia na gari linanyooka tu, moja kwa moja, kwa yule jamaa wa boda na abiria wake. Wao hawakuulizwa kama taa izimwe.

"Lakini wazee wetu waliendesha bila ABS." Kweli. Peugeot 504 hazikuwa nayo na zilifika magharibi zikiwa zimejaa watu. Ila dereva wa 504 alijua gari lake halina, kwa hivyo alipampu breki: kanyaga, achia, kanyaga. Wewe mguu wako umezoea kukanyaga na kuganda hapo. Na yule utakayemuuzia gari kesho hatajua kabisa kwamba anaendesha 504 iliyovaa nguo za Fielder.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba ugonjwa wenyewe mara nyingi ni mdogo. Sensa imejaa matope na vumbi la chuma. Waya umekatikia pale nyuma ya tairi, mahali unapopindwa kila ukikata kona. Tairi moja ni saizi tofauti na mengine, kompyuta ikachanganyikiwa. Kuna hili pia, ambalo hata mafundi wazuri hupitwa nalo: kwenye magari mengi beringi ya tairi ina utepe wa sumaku upande mmoja tu, na sensa inausoma huo. Ikifungwa kinyume, gari linatembea poa, beringi haipigi kelele, lakini taa haizimiki. Basi sensa nzima inang'olewa na kutupwa, na nyingine inanunuliwa bure. Kama taa iliwaka baada ya kubadilisha beringi, anzia hapo.

Kwa hivyo gari lipimwe kwanza kwa kompyuta inayosoma ABS, kwa maana vile vimashine vya bei rahisi vya kuunganisha na simu mara nyingi husoma injini pekee. Kwenye Toyota nyingi, kodi C0200 inakuelekeza kwenye sensa ya mbele kulia. Tairi linatolewa, sensa inapanguswa, waya unafuatwa kwa mkono hadi mwisho. Mtu aliyenunua rimu za kung'aa na redio ya skrini asiniambie hii kazi ni ghali.

Na kama taa ya manjano ya ABS imewaka pamoja na ile nyekundu ya breki, hapo usiendelee na safari. Huenda ule mgawanyo wa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma nao umekufa, tairi za nyuma zikaganda kwanza na gari likajizungusha. Sasa fikiria mtu ambaye ya manjano aliing'oa zamani.

Mafundi wajanja hawang'oi taa tena, maana wanunuzi wameshtuka. Wanaunga waya wake na wa taa ya oili ili ziwake na kuzimika pamoja. Ukienda kununua gari kule yadi za Ngong Road, washa swichi lakini usipige stata. Taa ya ABS inafaa iwake sekunde chache, kisha ijizimie yenyewe injini ikiwa bado imelala. Isipowaka kabisa, uliza balbu iko wapi. Ikibaki imewaka hadi injini ingurume, halafu ikazimika sambamba na ya oili, mrudishie muuzaji ufunguo wake.