Kitufe cha Gari na Haki ya Kutengeneza

Mtu mwenye gari anaamka asubuhi, anabonyeza kitufe cha kuwashia kilichopo kwenye dashibodi, na gari halijibu. Analipeleka gereji, na huko anaambiwa kwamba dawa yake ni kubadilisha "mfumo mzima". Malalamiko ya namna hii yamekuwa mengi mijini kwetu, na wengi huyachukulia kuwa habari za gereji, zisizostahili kuketi meza moja na mijadala ya katiba, bajeti na ajira. Mtazamo wangu ni tofauti. Kitufe hiki kinagusa umiliki, elimu na sheria, na majibu tutakayoyatoa yataamua hatima ya maelfu ya mafundi.

Tuanze na kazi yenyewe, kwa kuwa hofu nyingi hutokana na kutoijua. Fundi makini hakimbilii kung'oa kitu. Kwanza hupima betri ya gari na betri ya rimoti, hukagua fyuzi, kisha hutazama kama taa za breki zinawaka kanyagio linapokanyagwa, kwa sababu swichi ya breki ikifa, gari la namna hii halitawaka hata kitufe kikiwa kizima. Akijiridhisha kwamba kitufe ndicho kibovu, huchomoa waya hasi wa betri na kusubiri kidogo ili umeme uliobaki katika mfumo wa mifuko ya hewa uishe. Hubandua kava la dashibodi kwa kifaa cha plastiki ili asiikwaruze, huchomoa soketi iliyo nyuma, hubana vishikizo vya pembeni na kukisukuma kitufe kitoke. Kipya hupachikwa kwa kuirudia njia hiyohiyo kinyume chake. Katika magari mengi, kazi hii haihitaji hata nusu siku.

Ikiwa ni rahisi hivyo, "mfumo mzima" unatoka wapi? Jibu limo katika namna kitufe kinavyofanya kazi. Mwaka 1912, kampuni ya Cadillac ilipoanza kuuza magari yenye stata ya umeme, dereva aliyetaka kuwasha gari aliufikisha umeme wa betri kwenye mota ya stata moja kwa moja. Kitufe cha leo hakiamuru chochote, bali kinaomba. Kikibonyezwa hupeleka ishara kwenye kompyuta, nayo huuliza: je, rimoti iliyosajiliwa imo ndani ya gari? Breki imekanyagwa? Gia iko mahali pake? Majibu yote yakikubaliwa ndipo stata hupewa umeme. Ndiyo maana katika baadhi ya magari, ya Toyota yakiwemo, rimoti iliyoishiwa betri ikigusishwa kwenye kitufe gari huweza kuwaka: kompyuta huusoma msimbo wake kwa karibu.

Kwa hiyo kipande cha plastiki kinaweza kubadilishwa na yeyote mwenye mikono mitulivu, lakini idhini ya kuwasha gari imo katika misimbo na michoro ya umeme. Kusajili rimoti mpya, au kuitambulisha kompyuta iliyobadilishwa, huhitaji mashine na programu ambazo mtengenezaji huamua nani auziwe. Mwenye kadi ya gari analimiliki gari kwa mujibu wa sheria. Mwenye msimbo analimiliki kwa vitendo.

Kwetu tatizo ni zito zaidi kwa sababu magari yetu mengi ni ya mtumba kutoka Japani. Yalitengenezwa kwa soko la kwao, na vitabu vyake, pale vinapokuwamo, ni vya Kijapani. Maelfu ya madereva wa Dar es Salaam na Nairobi wanaijua ile sauti inayowakumbusha kila asubuhi, kwa lugha wasiyoielewa, kwamba kadi ya kulipia barabara haijaingizwa. Serikali zetu zinajua umri wa kila gari linaloshuka bandarini: Kenya huzuia yaliyozidi miaka 8, na Tanzania huyatoza ushuru wa ziada yenye umri mkubwa. Tunauliza gari lina miaka mingapi, lakini hatuulizi litatengenezwaje.

Pengo hilo hujazwa na kubahatisha. Fundi wa Gerezani au wa Kisekka kule Kampala ana akili na uzoefu, lakini mchoro hana. Mteja anataka gari lake jioni. Matokeo yake ni waya zinazounganishwa moja kwa moja hadi kwenye stata, na gari linawaka bila kuuliza habari ya breki wala gia. Siku gia ikiwa imeingia, gari litaruka mbele, na mbele yake anaweza kuwapo mtoto. Baadaye tutamlaumu fundi, ilhali ni sisi tuliomnyima maarifa.

Wenzetu wamekwisha kuliona hili. Umoja wa Ulaya ulitunga kanuni mwaka 2007 iliyowataka watengenezaji wazipe gereji huru taarifa za matengenezo. Mwaka 2012 jimbo la Massachusetts nchini Marekani lilipitisha sheria ya haki ya kutengeneza magari, na mwaka 2020 wapigakura wake waliipanua ihusishe taarifa zinazosafirishwa kwa mawimbi. Hapa Afrika, mwongozo wa Tume ya Ushindani ya Afrika Kusini kuhusu soko la matengenezo ya magari ulianza kutumika Julai 2021. Hata jirani zetu wa Kenya, Ibara ya 46 ya Katiba yao ya mwaka 2010 inampa mlaji haki ya kupata taarifa zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa. Ibara hiyo haijasema kwamba gari si bidhaa.

Wapo watakaosema kwamba misimbo ikiachiwa, wezi watashangilia. Hoja hii si ya kubeza, kwa kuwa mfumo huu ulibuniwa kupambana na wizi. Lakini wezi tayari wana mashine zao, na asiyenazo ni fundi mwaminifu. Ulaya wameweka utaratibu wa kuwahakiki mafundi huru kabla ya kuwapa taarifa za usalama. Usajili wa namna hiyo unawezekana kwetu, na ungempa fundi wa mtaani heshima ambayo kwa muda mrefu amenyimwa.

Nawageukia basi wanaohusika. Watumishi wa umma wanaosimamia forodha, viwango na ushindani waandike masharti kwamba taarifa za matengenezo zipatikane kwa bei ya haki. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, iipe elimu ya kompyuta za magari nafasi sawa na elimu ya injini, na mashine za upimaji ziwekwe katika vituo vyake ili mafundi walioko kazini wazitumie kwa ada ndogo. Wanafunzi wa uhandisi na wa Kiswahili washirikiane kuandika miongozo ambayo fundi anaweza kuisoma akiwa amelala chini ya dashibodi. Nao wanaharakati wasidhani kwamba haki za mlaji huishia kwenye bei ya mafuta na sukari.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Magari ya umeme yameanza kuingia barabarani kwetu, na karibu kila kitu ndani yake huongozwa na kompyuta. Tukishindwa kuudai mchoro wa kitufe leo, kesho tutakuwa tunaomba ruhusa ya kubadilisha betri.